Naongoza Mahujaji, Nyumbani Nikapotea Njia

Saa moja asubuhi, mjini Sarria, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Nimesimama mlangoni mwa hoteli nahesabu vichwa: kumi na wawili, wametimia. Mabegi makubwa yameshapakiwa kwenye gari, tutayakuta jioni tunakolala. Kila mtu amebeba maji, koti la mvua na gamba la kombe la baharini, ambalo ndiyo alama ya hija hii. Ghafla simu yangu inalia. Ujumbe wa mume wangu: “Mtoto ameamka vizuri. Ukirudi, tukae tuongee.”

Dada zangu mlioolewa, si mnajua tena. Mwanaume akiandika “tukae tuongee”, moyo unashuka mpaka tumboni. Nilikuwa na siku sita za kutembea kabla ya kufika nyumbani, na muda wote huo nilitakiwa kutabasamu mbele ya wageni.

Kazi yenyewe ni hii

Mimi ni mtoto wa Marangu. Kabla ya kuja huku nilikuwa kiongozi msaidizi wa watalii Mlima Kilimanjaro. Mume wangu alipopata nafasi ya masomo Santiago de Compostela, nikamfuata. Nikajifunza Kihispania, tukapata binti, halafu kampuni moja ya utalii ikanichukua kuongoza vikundi vya wanaozungumza Kiingereza. Msimu wetu unaanza Aprili hadi Oktoba.

Njia ninayofanyia kazi inaitwa Camino de Santiago. Tawi lake linalojulikana zaidi linaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, linavuka milima ya Pyrenees na kwenda karibu kilomita 780, mwendo wa wiki tano hivi kwa miguu. Mwisho wake ni kanisa kuu la Santiago, ambako waumini wanaamini amezikwa Mtume Yakobo. Mwaka 2024 peke yake, mahujaji waliosajiliwa baada ya kufika walikaribia 500,000. Wako wanaokwenda kwa imani, wako waliotoka kufiwa au kuachika, na wako waliochoshwa na ofisi tu.

Wateja wetu wengi wana likizo ya wiki moja, kwa hiyo tunaanzia Sarria, kama kilomita 115 kutoka mwisho. Ili upewe cheti cha hija ni lazima utembee kilomita 100 au zaidi, na kitabu chako kigongwe mihuri angalau miwili kila siku. Mihuri iko makanisani, hotelini, hata kwenye vibanda vya kahawa.

Watu huniuliza: njia imejaa mishale ya manjano (padri mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuichora miaka ya 1980), sasa kiongozi wa nini? Jamani! Mshale hautoboi malengelenge wala haupigi simu hotelini usiku chumba kikikosekana. Na siku ya tatu, miguu inapowaka moto na mke hamsemeshi mume, mshale hautakwambia ukae na nani.

Mlimani na huku

Kilimanjaro, kiongozi anatangulia mbele. “Pole pole!” Hakuna anayempita, kwa sababu mlima una mita 5,895 na ukikimbia, kichwa na mapafu vitakulipisha. Huku hakuna hatari hiyo. Kila mtu anakwenda kwa mwendo wake, mnakutana kwenye kahawa ya saa nne na jioni mnakolala. Kiongozi anabaki nyuma na anayechelewa kuliko wote. Ilinichukua msimu mzima kuzoea.

Kazini nilizoea. Nyumbani, wapi! Nyumbani niliendelea kuwa kiongozi wa Kilimanjaro. Nilibandika ratiba kwenye friji. Nilipiga simu mara tatu kwa siku: amekula nini? Amevaa sweta gani? Mbona hujampeleka bustanini? Mimi niliona huo ndio upendo wa mama aliye mbali.

Niliporudi safari ile tukakaa. Mume wangu, mtu mpole sana, akasema: “Mama watoto, mimi si mgeni wako wa mlimani.” Halafu akatoa la pili: ameitwa kazini Arusha. Barua alikuwa nayo wiki mbili. “Kila ukipiga simu ilikuwa maswali. Ningeanzia wapi?”

Nilinyamaza. Mimi Arusha sikuitaka, na yeye Hispania ilikuwa imemchosha. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba ndoa hii inaweza kuvunjika bila mtu kukosa uaminifu.

Kilomita 115 sisi wawili

Novemba, msimu ulipokwisha, mdogo wangu alikuja kututembelea. Tukamwachia mtoto, tukaenda Sarria, safari hii bila wageni.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mume wangu ana miguu mirefu, akatangulia. Nikapaza sauti, “Pole pole!” Akasimama, akanisubiri, kisha akatembea nyuma yangu kilomita zilizobaki bila neno, kama mtoto aliyekemewa. Tukafika Portomarín tumenuniana.

Mji ule una historia. Kijiji cha zamani kilifunikwa na maji ya bwawa miaka ya 1960. Kabla ya hapo, kanisa lake la San Nicolás lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya juu kilimani. Namba walizoandika kwenye mawe bado zinaonekana. Wageni huwa nawasimulia nikiwa naangalia saa. Siku ile nilikaa nikaziangalia. Mume wangu akasema, “Hata kanisa lilihama. Ila walihesabu kwanza.”

Kesho yake tukakubaliana: kila mtu mwendo wake, tukutane kahawa. Nilitembea saa mbili peke yangu, bila wa kumjibu wala wa kumwelekeza. Ndipo nikakiri kwamba siogopi Arusha. Naogopa kurudi bila kazi na kuitwa mke wa fulani. Nilipofika, alikuwa amekaa na bakuli mbili za supu ya kabichi na viazi, yangu ameifunika kwa sahani isipoe. Nikamwambia pale pale. Naye akaniambia alilokuwa halisemi: anaona haya kulelea mtoto nyumbani huku mkewe akitafuta, na ndugu zake Moshi wanamcheka kwenye simu.

Tulimalizia maongezi Melide, mji maarufu kwa pweza. Wanamkata kwa mkasi, wanamwagia mafuta ya zeituni, chumvi na paprika. Mume wangu anasema wa Forodhani ni mtamu zaidi, na hapo sina ubishi.

Tuliamua hivi. Mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago, kwa sababu tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, itaangukia Jumapili. Kazi itakuwa nyingi, nitaifanya, na mwisho wa mwaka huo tunarudi nyumbani. Mpaka hapo, kila baada ya vikundi viwili nakaa nyumbani wiki nzima. Ratiba ya friji nimeibandua. Kazi ya Arusha ilimpita, na hilo bado linaniuma. Yeye ndiye aliyelipa zaidi.

Siku ya mwisho alifika kabla yangu. Nilimkuta amesimama kwenye kona ya uwanja wa kanisa kuu, amegeukia njia, hajaingia. Tukaingia pamoja.

Na nyie mkitaka kujaribu

Si lazima Hispania, hata safari ya siku mbili kwa miguu inatosha. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea, maana viatu vipya huzaa malengelenge na malengelenge huzaa ugomvi. Asubuhi kubalianeni mtakutana wapi, kisha mwachane kwa amani. Anayefika kwanza aagize chakula cha wawili. Na lile gumu, liacheni mpaka mwenzako awe amekaa, amevua viatu na amekula.