Unafufua tangi la samaki wa bahari lililotelekezwa? Waondoe watoto kabla ya kugusa mawe

Tangi la samaki wa bahari likitunzwa vizuri ni burudani ya familia nzima. Watoto wanaweza kukaa mbele yake muda mrefu wakiwatazama samaki wa rangi wakipishana kwenye matumbawe, na kwa muda huo hakuna anayegombania rimoti.

Tangi hilohilo likikosa mtunzaji kwa miezi michache, hubadilika. Kioo kinakuwa cha kijani, mawe yanaota mwani mrefu kama nywele, maji yanapungua na harufu inaanza kusikika sebuleni. Pengine mwenye nalo alibanwa na kazi, alipata mtoto mchanga, au alihama na kumwachia mpangaji mwingine.

Hapo ndipo wengi huamua kumaliza kazi kwa siku moja. Maji yote yanamwagwa, mawe yanatolewa nje na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Wengine huyachemsha ili yatakate. Mara nyingi kazi hiyo anaachiwa dada wa kazi, huku watoto wakizunguka hapohapo kuangalia.

Mzazi, uamuzi huo una hasara mbili. Unaua viumbe waliokuwa bado hai ndani ya tangi, na unaweza kuwapeleka hospitali watu wote waliomo ndani ya nyumba.

Sumu iliyojificha kwenye rangi nzuri

Miongoni mwa viumbe wanaopendwa sana na wafugaji wa matumbawe ni zoanthidi. Ni viumbe laini wanaoota kwa makundi juu ya mawe, kila kimoja kikiwa na umbo kama kifungo cha shati chenye vijimkono pembeni. Wana rangi kali, hawahitaji utaalamu mkubwa na huvumilia maji mabaya. Ndiyo maana kwenye tangi lililotelekezwa, matumbawe mengine yakifa, mara nyingi hao ndio wanaobaki.

Baadhi yao, hasa wa kundi la Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Wanasayansi Richard Moore na Paul Scheuer wa Hawaii walitangaza kuitenga mwaka 1971. Si zoanthidi wote wenye sumu hiyo, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Kilicho salama ni kuwachukulia wote kuwa nayo.

Jamii hii ya viumbe ipo pia kwenye miamba ya Bahari ya Hindi, na sumu yenyewe si ngeni katika ukanda wetu. Mwaka 1994, mwanamke mmoja nchini Madagaska alifariki baada ya kula dagaa ambao uchunguzi ulibaini walikuwa na palitoksini.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo sana inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Palitoksini hujibandika kwenye pampu hiyo na kuiacha wazi, kama mlango uliong'oka bawaba, na madini hayo hupita ovyo. Misuli huuma na kuharibika, njia za hewa hubana, na kwa hali mbaya mapigo ya moyo huvurugika.

Sumu huingia mwilini kupitia kidonda, macho, mdomo au hewa. Njia ya hewa ndiyo inayowashtukiza watu. Kusugua jiwe kwa brashi, kulipiga maji ya presha au kulichemsha hurusha matone madogo yasiyoonekana, na mtu aliyekaa chumba cha pili anaweza kuyavuta bila kugusa chochote. Kuchemsha hakuondoi sumu hii, bali huisambaza kwa mvuke.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake ni mdogo na anapumua haraka kuliko mtu mzima.

Waliougua ndani ya nyumba zao

Agosti 2014, hospitali moja mjini Anchorage, jimbo la Alaska nchini Marekani, ilitoa taarifa kwa idara ya afya ya jimbo kuhusu mwanamume aliyefika akiwa na ladha chungu ya chuma mdomoni, homa, kikohozi, udhaifu na maumivu ya misuli. Saa 7 hadi 8 kabla, zoanthidi walikuwa wameingizwa kwenye tangi la nyumbani kwake.

Wachunguzi walipofuatilia, walibaini watu 10 waliopata dalili za aina hiyo mjini humo kati ya mwaka 2012 na 2014, baadhi wakiwa nyumbani na wengine kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Ripoti ya uchunguzi huo ilichapishwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, mwaka 2015.

Machi 2018, huko Oxfordshire nchini Uingereza, mwanamume alitoa jiwe lenye matumbawe kwenye tangi lake ili alisafishe. Familia yake iliugua, na wazimamoto wanne waliofika kusaidia nao walipelekwa hospitali.

Anza na vipimo, brashi isubiri

Habari njema ni kwamba tangi la namna hii linaweza kufufuliwa bila kuhatarisha mtu, ila ni kazi ya miezi.

Hatua ya kwanza ni umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na chumvi iliyoganda kwenye plagi au waya ni dalili ya hatari. Chomoa vifaa vyote kabla ya kuingiza mkono kwenye maji. Waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Mwite fundi afunge swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja.

Pili, pima chumvi. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo, hivyo maji yaliyobaki huwa makali kuliko bahari yenyewe. Kiwango kinachofaa ni takribani gramu 35 kwa lita, yaani 1.025 kwenye kipima chumvi. Ongeza maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 27.

Tatu, pima amonia. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitraiti, kisha naitreti isiyo kali sana. Anayechemsha mawe huwaua bakteria hao, na samaki waliovumilia miezi ya uchafu hufa ndani ya siku chache kwenye maji yanayong'aa.

Kwa hiyo usibadilishe maji yote kwa mara moja. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kila wiki, kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa siku moja kabla na yenye joto sawa na ya tangi. Vuta uchafu kwa mpira mdogo wa maji, lakini usianze kuuvuta kwa mdomo. Usiogope kuwa unachelewa, kwa sababu mabadiliko ya ghafla huwaua viumbe hawa haraka kuliko uchafu waliokwisha kuuzoea.

Mwani hupungua njaa ikiubana. Punguza chakula cha samaki, washa taa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, na ung'oe mwani kwa mkono wenye glovu, ndani ya maji. Ukiona mwani umeota katikati ya zoanthidi, uache kwanza.

Mchanga wenye tabaka jeusi linalonuka kama yai viza usiuvuruge. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfaidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu. Uondoe sehemu ndogo ndogo kwa wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua kwenye maji. Kuwa na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri.

Usikimbilie kutupa tumbawe lililopauka. Rangi yake hutokana kwa sehemu kubwa na mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake. Tumbawe linaweza kuupoteza likabaki jeupe lakini hai, na hali ya maji ikitulia mwani huo unaweza kurudi. Lililokufa hubaki mfupa mtupu usio na nyama.

Wala usiende ufukweni kuvunja jingine la kuziba pengo. Matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na miamba ya pwani ndiyo mazalia ya samaki tunaowala.

Siku ya kutoa mawe

Ikiwa ni lazima jiwe lenye zoanthidi liondolewe, panga siku ambayo watoto, wajawazito, wazee na wanyama wa kufugwa hawapo nyumbani. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Usimwachie dada wa kazi ambaye hajaelezwa kilichomo ndani ya tangi.

Vaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kinga inayofunika macho pande zote na barakoa ya kiwango cha N95. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Fungua madirisha. Ingiza ndoo ndani ya tangi, weka jiwe kwenye ndoo likiwa bado limezama, kisha itoe na kuifunika. Usisugue, usikate, usipige maji ya presha, usitumie maji ya moto na usiliache jiwe likauke ndani ya nyumba.

Kama unalitupa, liloweke nje ya nyumba kwa dakika 30 kwenye mchanganyiko mpya wa sehemu 1 ya Jik na sehemu 10 za maji. CDC inaeleza kuwa klorini ya kiwango hicho huivunja sumu hiyo. Glovu, ndoo na vifaa vingine vipitie humohumo. Jik isikutane na siki, ambayo wengi huitumia kuondoa chokaa kwenye pampu. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini.

Mikono yenye michubuko isiingie kwenye maji bila glovu hata siku za kawaida. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1926 kutokana na samaki waliokufa kwenye akwaria ya Philadelphia. Husababisha uvimbe au kidonda kisichopona, mara nyingi kwenye vidole au mkono, kikionekana wiki kadhaa baadaye. Hutibika, lakini kwa antibiotiki za miezi kadhaa.

Homa hii usiidhanie malaria tu

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kupotea. Homa, kutetemeka, mwili kuuma na kuishiwa nguvu ni dalili ambazo kwetu humfanya mtu afikirie malaria, na kikohozi kikiongezeka, atasema ni mafua. Dawa inanunuliwa duka la jirani na mgonjwa anarudi kulala kwenye nyumba ileile yenye hewa yenye sumu.

Dalili zinaweza kuanza ndani ya dakika chache au baada ya saa kadhaa. Pamoja na hizo nilizotaja, angalia ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, kupumua kwa shida, na macho mekundu yanayouma. Watu wawili au zaidi wakiugua pamoja siku tangi lilipoguswa, usisubiri.

Toeni kila mtu nje kwenye hewa safi, akiwemo anayesema hajisikii vibaya. Msirudi ndani kuchukua vitu. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni. Kisha nendeni hospitali.

Mkifika, mwelezeni mhudumu kwa maneno ya wazi: "Tulikuwa tunasafisha tangi la matumbawe na huenda tumevuta palitoksini." Kama unaweza, mwonyeshe picha ya tangi kwenye simu. Sumu hii haina dawa ya kuizima. Wagonjwa hutibiwa kwa oksijeni, dawa za kufungua njia za hewa na uangalizi wa moyo na misuli, kwa hiyo mhudumu asiyejua kuhusu tangi anaweza kupoteza saa za thamani akitafuta chanzo kingine. Malaria ipimwe pia, lakini taarifa ya tangi isiachwe nyumbani.

Watoto wapewe kazi yao

Kumwondoa mtoto siku ya mawe si kumtenga na tangi. Mpe daftari. Kila Jumapili mtu mzima apime chumvi, joto na amonia, naye aandike namba na tarehe, kisha ahesabu samaki. Asiingize mkono kwenye maji, na anawe kwa sabuni baada ya kuwalisha.

Usinunue samaki wala tumbawe jipya mpaka amonia na nitraiti zisome sifuri kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtoto mwenye daftari ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuambia kwamba wiki hiyo imefika.