Chai Moja, Maji Matatu

Chai ya Rubavu, Rwanda, hupangiwa bei na watu ambao wengi wao hawajakanyaga Rubavu. Majani huchumwa kwenye vilima vya upande wa Kanama, husindikwa katika kiwanda cha Pfunda karibu na mto Sebeya, kisha husafirishwa hadi Mombasa, kwenye mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Kabla ya siku ya mnada, madalali huwatumia wanunuzi sampuli, na kila mnunuzi huonja ofisini kwake. Tangu 2020, korona ilipowatoa watu ukumbini, hata bei hutajwa kwa kompyuta.

Basi kuonja kwa mbali ni kazi ya zamani katika chai. Mwaka huohuo wa korona, Wazungu waliojifungia ndani walianza kuonja divai pamoja kupitia video: kila mtu na chupa yake, labda ya Assyrtiko nyeupe kutoka kisiwa cha Santorini, Ugiriki, huku mtaalamu akizungumza kwenye kioo cha simu. Ndugu waliotawanyika kati ya Kanama, Mombasa na Brussels wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa chai, ila wajue tofauti moja kubwa. Divai humalizwa na aliyeitengeneza. Mnywaji hupoza chupa, akaifungua, basi. Chai hufika ikiwa nusu. Anayeimalizia ni mnywaji, kwa maji yake.

Na maji hayafanani. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kanama iko juu zaidi. Penye mita 1,800, maji huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi; Mombasa huchemka kwa 100. Ukiongeza kuni au gesi, maji yatakauka upesi zaidi lakini joto halitapanda. Chai ileile ikitiwa maji ya 94 hutoa rangi na ukakasi pungufu kidogo, na mtu wa Mombasa ataapa kwamba aliyeko Kanama ametumiwa majani mengine. Brussels nako maji ya bomba yana chokaa nyingi: chai hufifia, na utando hutanda juu ya kikombe.

Waonjaji wa biashara wana kanuni yao, ISO 3103, iliyotolewa kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka muda huohuo, dakika 6, katika birika dogo jeupe la kaure lenye kifuniko. Kanuni hiyo ilitokana na ile ya Uingereza, ambayo kurasa zake sita zilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 1999. Wacheke. Bila gramu na dakika, mnaonja mikono ya wapishi, si chai.

Kwa kikao cha mbali mimi huivunja kanuni hiyo mahali pamoja: joto. Wa chini amfuate wa juu. Wa Mombasa na Brussels wachemshe, kisha wasubiri kipimajoto kishuke hadi 94 ndipo wamimine. Mnunuzi wa mnadani hatakubali, naye ana haki, kwa sababu yeye analinganisha chai na chai mezani pake. Ninyi mnalinganisha midomo iliyo mbalimbali. Maji nayo yawe ya chupa, yenye madini machache kwenye lebo. Maji ya bomba waachieni mboga.

Sampuli zitoke kwenye mfuko mmoja, zichanganywe vizuri katika beseni kavu, zipimwe na kufungwa siku moja kwenye pakiti zisizopitisha hewa. Chai hufyonza harufu upesi ajabu. Mama anayeweka pakiti za majani pamoja na sambaza, dagaa wakavu wa Kivu, katika sanduku la mtoto wake anayekwenda Ulaya amepeleka samaki mara mbili.

Pakiti zipewe namba tu, bila majina, na namba mbili zifiche chai ileile. Asiyegundua kwamba zinafanana asikasirike, ila asemapo kwamba namba 5 imeipita namba 2 msikilizeni kwa tahadhari. Kila mtu afyonze kwa kelele ili hewa ipande puani, ateme, kisha aandike kabla ya yeyote kufungua mdomo. Kwenye video, anayesema kwanza huwaonjea wote, hasa akiwa mjomba. Maziwa yaje mzunguko wa pili, ya unga na ya aina moja, kwani chai nyingi ya kusagwa ya Afrika Mashariki hunywewa kwa maziwa na huko ndiko udhaifu wake hujulikana: nzuri hung'aa kama dhahabu, mbovu hugeuka kijivu.

Mkikosana kabisa juu ya kikombe kimoja, msianze na ulimi. Ulizeni kwanza nani alisahau kupasha birika moto kabla ya kutia majani. Mara nyingi ni yule wa Kanama, kwa sababu ya baridi ya asubuhi.