Kuba Lililomeguka Unzen

Sogeeni, wajukuu. Leo nawapeleka Japani, kwenye mlima uitwao Unzen.

Mkisikia volkano, mnafikiria lava inayotiririka, kama ile ya Nyiragongo iliyoingia mjini Goma Januari 2002. Hiyo ni lava nyepesi mfano wa uji. Ikipata mteremko inashuka. Ya Unzen ni ugali. Ikitoka kasokoni haifiki mbali, hujirundika palepale mpaka ikawa kilima juu ya mlima, na kilima hicho ndicho kuba la lava. Nje hupoa likawa mwamba. Ndani mna moto, na gesi iliyobanwa inayotafuta pa kutokea.

Unzen ulikuwa umelala tangu 1792. Ukaamka Novemba 1990, na Mei 1991 kuba likachomoza. Lava mpya ikawa inalisukuma kutoka chini, nalo linavimba na kuelemea upande wa bondeni, hadi tarehe 24 kipande kikameguka.

Mnadhani kilibingirika tu kama jiwe? Thubutu! Mwamba ulipopasuka, gesi ilifumuka, mawe yakasagika, na vyote vikaporomoka pamoja: wingu zito lenye joto la mamia ya nyuzi. Mawingu ya namna hiyo huweza kupita kilometa 100 kwa saa. Hapo mbio za miguu hazisaidii kitu.

Wenyeji waliambiwa wahame, na wengi wakahama. Lakini waandishi wa habari walisimika kamera zao kwenye mwinuko, kilometa 4 hivi kutoka kileleni. Kila siku mawingu yalishuka na kuishia mbali nao, basi wakayazoea. Mimi naona mazoea hayo ndiyo yaliyowaponza, maana kuba halimegeki kwa kipimo cha jana.

Tarehe 3 Juni, saa kumi alasiri na dakika chache, kikaanguka kipande kikubwa zaidi. Mawe mazito yalifuata bonde la mto Mizunashi. Majivu ya moto yaliyokuwa juu yake hayakujali bonde. Yalipanda mpaka mwinukoni. Watu 43 walikufa: waandishi, wazimamoto wa kujitolea, hata madereva wa teksi waliokuwa wakisubiri abiria wao. Walikufa pia Maurice na Katia Krafft, mume na mke kutoka Ufaransa waliozunguka dunia wakipiga picha za volkano, pamoja na Mmarekani Harry Glicken. Huyu Glicken, mwaka 1980, aliondoka kwenye kituo cha kuuangalia mlima St. Helens siku moja tu kabla haujalipuka. David Johnston, aliyeshika zamu yake, ndiye aliyekufa.

Septemba 15 wingu jingine likaiunguza shule ya msingi ya Onokoba. Haikuwa na mtu, wanafunzi walishahamishwa.

Kuba liliendelea kukua na kumeguka mpaka 1995. Bado liko kileleni, na wataalamu wanalipima kila mara, kwa kuwa tetemeko la ardhi laweza kuliangusha hata bila lava mpya.