Mchezo Mmoja, Tarehe Tatu



Mwezi wa Septemba 1997 mwanetu alirudi kutoka skuli hapa Kingsbury, akatwambia kuwa binamu yake wa Toronto anacheza Final Fantasy VII. Madukani tulikuwa tumekwisha jibiwa kuwa mchezo huo haujatoka. Tukamkemea kwa kusema uongo.

Kumbe mtoto alisema kweli. Wajapani waliupata tarehe 31 Januari, Amerika ya Kaskazini tarehe 7 Septemba, nasi wa Ulaya tukangoja hadi Novemba.

Sababu ya kwanza ilikuwa lugha. Mchezo wa Kijapani aghalabu ulifasiriwa kwanza kwa Kiingereza, kwa ajili ya Marekani. Kisha Ulaya ikahitaji Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Kwa kuwa Uingereza ilihesabiwa katika soko la Ulaya, mtoto wa Kingsbury, ambaye Kiingereza anakijua, alimngojea mfasiri wa Kijerumani.

Ya pili ilikuwa televisheni. Picha za Japani na Marekani zilikuwa na mistari 525 na mapigo 60 kwa sekunde. Za Uingereza, kama za kwetu Afrika Mashariki, mistari 625 na mapigo 50. Mchezo ulipaswa kurekebishwa, la sivyo ulikwenda polepole.

Ya tatu ni uchache wa bidhaa. PlayStation 3 ilitoka Japani na Marekani Novemba 2006. Kwa upungufu wa vipuri vya leza, Ulaya iliahirishiwa hadi tarehe 23 Machi 2007.

Ammi yake alipotuletea santuri ya mchezo kutoka Toronto, mashine yetu iliikataa. Watengenezaji walikuwa wametia kufuli, ili mashine ya eneo moja isisome santuri za eneo jingine. Fedha zikapotea bure.

Siku hizi michezo mingi hutoka siku moja duniani kote, na mingi hupakuliwa kwa intaneti. Hata hivyo tofauti haijakwisha: PlayStation 5 ilifika Marekani na Japani tarehe 12 Novemba 2020, na Uingereza wiki moja baadaye.

Wazazi wenzetu, mtoto akisema jambo tusilolijua, tuulize kwanza. Sisi tulimtaka radhi mwanetu, naye akatusamehe. Lakini neno “mwongo” tulikuwa tumekwisha kulitamka.