Kumwogesha mtoto wakati wa baridi

Baridi ya Julai mjini Thika na Ruiru huwafanya akina mama wengi kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha kabla ya kumwogesha mtoto. Hiyo ni hatari. Makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Jiko libaki nje. Mwogeshe mtoto mchana, kunapopata joto kidogo. Tia maji baridi kwenye beseni kwanza, kisha ya moto, uyapime kwa kiwiko. Usimwachilie hata jirani akipiga hodi. Kichwa ukioshe mwisho, maana hupoteza joto upesi. Dakika tano zatosha. Mtoto mchanga ana uchafu gani?