Karatasi nyeupe, shahidi wa rangi ya ua

Wauzaji wa maua wanaotuma picha kwa wateja wa nchi jirani wanaweza kuepuka hasara kwa kuujua mwanga

Ua halina subira. Waridi likishakatwa, uhai wake huhesabiwa kwa siku, na kila saa inayopotea njiani au katika mabishano hushusha bei yake. Ndiyo maana picha ya simu imekuwa kama mkataba usioandikwa katika biashara hii. Mpambaji wa harusi aliyeko Arusha hutoa malipo ya awali kwa mawaridi aliyoyaona kwenye kioo cha simu tu, wakati maua yenyewe bado yako Naivasha, Kenya.

Ugomvi huanza boksi linapofunguliwa. Mawaridi yaliyoonekana mekundu ya kung'aa yanatoka na rangi ya damu ya mzee. Yaliyodhaniwa ya krimu yanatoka meupe. Mpambaji ambaye tayari amenunua vitambaa vya kuoanisha hawezi kuyatumia, na muuzaji hawezi kuyarudisha. Ameshalipia usafiri na cheti cha afya ya mimea, na ua lililovuka mpaka mara mbili limeshazeeka.

Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimewaweka maofisa wa Kenya na Tanzania mahali pamoja ili msafirishaji asikaguliwe mara mbili. Lakini maofisa hao hukagua nyaraka, wadudu na magonjwa. Rangi ya ua ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi peke yao.

Mara nyingi kosa si la ua wala la shamba. Ni la mwanga.

Jua la utosini

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana huwa karibu utosini. Jicho la mtu huvumilia mwanga huo, kamera haivumilii. Petali za juu hugeuka nyeupe na kupoteza mishipa yake, huku za chini zikizama kwenye kivuli cheusi.

Jua linapochomoza au kuzama huwa na rangi ya dhahabu. Picha hupendeza, lakini ua jeupe huonekana la krimu. Picha ya kutundika ukutani haina shida na hilo. Picha ya kuuzia inayo.

Mwanga unaofaa ni ule uliotulia: siku ya mawingu, kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au kivulini penye uwazi, saa chache baada ya jua kuchomoza. Taa za ghalani zizimwe, kwani taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirisha, simu hushindwa kukisia rangi. Wauzaji wa sokoni wajihadhari na turubai la bluu juu ya meza, maana kila kilicho chini yake hupata ubluu. Hata shati la kijani la mpiga picha likiwa karibu huweza kulitia ua rangi yake.

Kiakisi cha bei ya karatasi

Mwanga wa dirisha hutoka upande mmoja, hivyo upande wa pili wa ua hubaki gizani. Hapo ndipo kiakisi kinapohitajika, yaani kitu cha kuurudisha mwanga kwenye ua. Wapiga picha wa studio hununua vya kukunja, lakini kwa ua moja karatasi ngumu nyeupe inatosha.

Isimamishwe upande ulio mkabala na dirisha, karibu na ua lakini nje ya picha, kisha isogezwe polepole mpaka kivuli kipungue. Kisiondolewe chote, kwani bila kivuli petali huonekana bapa. Karatasi ya foili ya jikoni, ikikunjwakunjwa na kukunjuliwa, hurudisha mwanga mkali zaidi, na hufaa siku yenye mawingu mazito. Kiakisi cha rangi ya dhahabu kiepukwe, kwa kuwa huongeza unjano.

Karatasi hiyohiyo ina kazi ya pili. Ikiwekwa kando ya ua ndani ya picha moja, huwa shahidi. Mnunuzi akiiona karatasi ina unjano au ubluu, anajua na rangi ya ua imepotoka vivyo hivyo.

Kwenye simu, vichujio vya kurembesha vizimwe. Ua jekundu likionekana kama bonge moja lisilo na mishipa, mpiga picha aguse kioo penye ua na kupunguza mwanga. Simu ikishindwa kulenga kwa sababu iko karibu mno, arudi nyuma kidogo na kukuza picha. Upepo ukivuma, mtu mwingine alishike bua.

Picha tatu hutosha kwa kila aina: moja ya mbele ikiwa na karatasi nyeupe, moja ya ubavuni ikiwa na rula inayoonyesha urefu wa bua, na moja ya petali za nje zikimulikwa kutoka upande, maana mwanga wa pembeni hufichua madoa ya ukungu wa kijivu. Kuficha madoa hayo ni kuahirisha ugomvi tu. Zitumwe kama faili, kwa sababu programu za ujumbe hubana picha za kawaida na kupunguza ubora wake.

Mpokeaji naye ana wajibu. Boksi likifunguliwa, ayapige picha maua dirishani, kando ya karatasi nyeupe, kabla ya kuyatia majini. Rangi zikitofautiana, pande zote mbili zitakuwa na cha kulinganisha, na bei mpya inaweza kukubaliwa siku hiyohiyo, maua yakiwa bado yanauzika.