Tumbo Kwanza, Sura Baadaye

Koni ya kwanza niliyomtengenezea mpwa wangu ilidumu nyumba tatu. Ilikuwa jioni ya tarehe 31 Oktoba, mjini Columbus, Ohio, manyunyu yanaanguka, naye kajifunika shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho. Nilikuwa nimekesha naipamba: buibui wa karatasi nyeusi, utando wa uzi, macho ya kung'aa. Tulipofika nyumba ya nne akanivuta mkono. "Mjomba, imetoboka." Ncha ya koni ilikuwa imeloa na kuachia, na pipi zilikuwa zimedondoka moja moja njia nzima nyuma yetu. Buibui alikuwa mzima kabisa.

Kosa langu ndilo kosa la karibu kila mtu anayeanza kazi hizi: nilianza na sura. Nilifikiria itakavyoonekana kabla ya kufikiria itabeba nini, kwa muda gani, na nani ataifungua. Chombo cha pipi ni tumbo kwanza. Macho na meno hubandikwa tumbo likishathibitika kwamba linashika.

Tena usiku wa Halloween una vyombo viwili, nami nilivichanganya. Kuna kile anachozungushia mtoto nyumba kwa nyumba, ambacho kufikia saa mbili usiku kinaweza kuwa na kilo nzima ya pipi. Hicho si kazi ya karatasi ya kukunja. Watoto wakubwa wa Marekani wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana utawaona wamebeba foronya. Chombo cha pili ni kifungashio kidogo cha kutolea: pipi tano au sita, zinazokabidhiwa mlangoni au kugawiwa darasani, zikae humo saa moja au mbili. Hapo ndipo karatasi inapotamba, na sura hii inahusu hicho tu.

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mila zake nyingi zilivuka bahari na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Kule kwao taa za kutisha zilichongwa kwenye mizizi ya tanipu. Marekani wakakuta boga, kubwa zaidi na laini kuchonga, na tangu hapo rangi ya machungwa ikawa rangi ya sikukuu. Karatasi nayo iliingia mapema. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyokuwa ikiuza karatasi ya krepu, ile yenye mikunjomikunjo inayovutika, ilitoa kitabu cha kwanza cha kufundisha watu kupamba nyumba na kushona mavazi ya Halloween kwa karatasi hiyo. Ilikuwa biashara safi: kitabu kinauza wazo, wazo linauza karatasi.

Lakini wakati huo pipi hazikuwa kiini cha mambo. Kiini kilikuwa utundu. Vijana walipaka madirisha sabuni, waling'oa mageti, na hadi miaka ya 1930 wenye nyumba walikuwa wakijaribu kuwatuliza kwa kuwapa kitu cha kutafuna. Ikaja vita, na sukari ikagawiwa kwa kuponi kuanzia 1942 hadi 1947. Ilipoachiwa, desturi ya kubisha hodi na kudai pipi ilienea nchi nzima. Bado wengi walitoa vitu vya kupika nyumbani: biskuti, bisi zilizofinyangwa kwa asali ya sukari, matofaa. Kifungashio cha karatasi kilikuwa na kazi ya kweli, maana chakula kilikuwa wazi.

Hofu ndiyo iliyobadilisha kazi hiyo. Mwaka 1974 baba mmoja wa Texas alimuua mwanawe kwa pipi ya unga aliyoitia sianidi, akitaka fedha za bima. Mwaka 1982 watu walikufa Chicago na vitongoji vyake kwa vidonge vya maumivu vilivyotiwa sumu, nayo Halloween ya mwaka huo ikapoa. Joel Best, mwanasosholojia aliyefuatilia habari za pipi zenye sumu kwa miongo kadhaa, hakupata kisa hata kimoja kilichothibitishwa cha mtoto aliyeuawa na pipi za mgeni asiyemjua. Hata hivyo wazazi walikwishaamua. Siku hizi pipi isiyo kwenye ganda lake la kiwandani hutupwa jalalani bila mjadala, na biskuti zako, hata ziwe tamu namna gani, hazitafika mdomoni.

Kwa fundi wa karatasi hiyo ni nafuu. Pipi ikishafungwa kiwandani, karatasi yako haihitaji kuwa safi kama sahani, wala kuzuia mafuta. Inahitaji kusimama, kufunguka kwa vidole vidogo vyenye baridi, na ikiwezekana kumwonyesha mzazi kilichomo bila kuchanwa. Hilo la mwisho liweke akilini hadi tufike kwenye boga.

Sasa karatasi yenyewe. Ile ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ni nyepesi mno. Inafaa kwa majani na masikio. Chukua manila, gramu 160 hadi 220. Kila karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kama ubao. Majimaji ya nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kufuata mbio za mashine. Shika karatasi uipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utatii, mwingine utakurudisha. Ule unaotii, mstari wa mpindo wake umefuata nyuzi. Ukikunja manila nene kinyume cha nyuzi, mkunjo hutoa vinyweleo na kupasuka, hasa ikiwa imepakwa rangi ya upande mmoja. Ukilazimika, pitisha kwanza kalamu ya biki iliyokwisha wino, kwa rula, ukikandamiza bila kukata. Mfuo huo ndio unaotofautisha kisanduku cha dukani na cha mtoto wa chekechea.

Turudi kwenye koni, maana nina deni nayo. Kata nusu duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 14, uviringishe: unapata koni yenye mdomo wa sentimita 14 na kimo cha kama 12. Kata robo duara ya kipimo kilekile: mdomo ni sentimita 7, kimo kama 13 na nusu. Karatasi imepungua nusu tu, lakini tumbo limepungua zaidi ya mara tatu na nusu. Mgeni wa kazi hii hupenda nusu duara kwa sababu inaonekana ya ukarimu. Mimi nasema tumia robo. Pipi tano ndani ya koni pana ni kama abiria watano kwenye basi la watu sitini. Ndani ya koni nyembamba zinachungulia mdomoni, na mtoto anaona imejaa. Na karatasi moja ya A4 inakupa robo mbili. (Marekani hawana A4; yao ni milimita 216 kwa 279, fupi kidogo na pana kidogo, kwa hiyo punguza nusu kipenyo kiwe sentimita 13 na nusu.)

Ncha je? Hapo nilipaswa kumkumbuka muuza karanga. Anachana ukurasa wa daftari, anauzungusha kwenye vidole, kisha anaipindua ncha juu na kuibana kwa kidole gumba. Hana gundi, hana selotepu, na karanga hazivuji, ingawa ni ndogo kuliko pipi yoyote. Mkunjo ule wa ncha unafunga tundu na wakati huohuo unazuia karatasi isijifungue. Mimi nilipaka gundi ya kijiti, ambayo huyeyuka kwa maji, nikaiachia ncha ikiwa imechongoka kwa ajili ya uzuri. Kunja sentimita moja na nusu ya ncha, ndipo ugundishe.

Koni hiyohiyo ukiipindua ni kofia ya mchawi. Tumia manila nyeusi, na safari hii iache ncha ichongoke, maana iko juu. Chana mdomo vipande vya sentimita moja kuzunguka, vikunjie nje, jaza pipi, kisha funika kwa duara la kipenyo cha sentimita 12 ambalo ndilo ukingo wa kofia. Usigundishe duara zima. Vipande viwili vya selotepu vinatosha, vinginevyo mtoto ataivunja kofia ili ale.

Mfuko wa kaki ndio njia ya mtu mwenye haraka, nami siudharau. Aghalabu tunauchukulia kama kitu kilichokuwepo tu, lakini ule wenye kitako cha mraba, unaosimama wenyewe mezani, una mwenyewe. Margaret Knight, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko huko Springfield, Massachusetts, alibuni mashine ya kukunja na kugundisha kitako hicho. Kabla yake mashine zilitoa mifuko kama bahasha, isiyosimama. Mwanamume mmoja aliyeiona mashine yake ikitengenezwa alikimbilia kuisajili kwa jina lake. Knight akampeleka mbele ya sheria, akaleta michoro na vielelezo vyake, akashinda, na hataza ikatoka kwa jina lake mwaka 1871.

Kwa Halloween kitako kile kina zawadi ya ziada. Mfuko ukiwa bapa, kitako hulala juu ya tumbo kama ulimi, na ukiinua ulimi huo unapata mdomo. Walimu wa chekechea hugeuza mfuko juu chini, wakachora macho juu ya ulimi na meno chini yake, mtoto akaingiza mkono akazungumza. Ila hapo pipi hazina pa kukaa. Ukitaka zikae, usimamishe mfuko, jaza hadi nusu, bana mdomo wake, kunja mara mbili, toboa kwa panchi, funga uzi. Kwa popo, badala ya kukunja mdomo, kata pembetatu katikati ya ukingo wa juu zibaki pembe mbili kama masikio, bana chini yake kwa pini moja ya stepla, kisha bandika mabawa ya manila nyeusi kwa nyuma. Kazi ya dakika sita.

Boga la kanda, hata hivyo, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua manila ya rangi ya machungwa, A4. Kata kanda za upana wa sentimita 2, kwa kukatisha, yaani kila moja iwe na urefu wa sentimita 21. Katika A4 nyingi nyuzi zimefuata upande mrefu, kwa hiyo ukanda wa namna hii unapinda kwa mduara laini. Ule uliokatwa kufuata urefu hupindika kwa kona kona, na boga linatoka kama sanduku lililokaliwa. Karatasi moja inatoa kanda 14. Boga moja linakula nne, basi una maboga matatu na kanda mbili za kukatia majani.

Toboa kila ncha sentimita moja kutoka ukingoni. Panga kanda nne zipishane katikati kama nyota ya miale minane, zigundishe hapo kwa gundi nyeupe, na subiri ikauke kweli. Weka pipi juu ya kitovu hicho, zisizidi sita ndogo. Inua ncha zote nane juu yake, pitisha uzi wa kijani katika matundu yote, funga kwa fundo la kuachia. Unapata tufe la kama sentimita 6.

Angalia sasa mbavu zake. Kiuno cha boga, palipo papana zaidi, kina mzunguko wa sentimita 19. Mbavu nane za sentimita 2 zinafunika 16. Zinabaki 3, zikigawanywa kwenye nyufa nane, kila ufa haufiki milimita 4. Pipi haipiti hapo, ila jicho linapita: mzazi anaona rangi ya ganda, anajua ni ya kiwandani, hakuna kuchana. Ukipunguza upana wa ukanda hadi sentimita moja na nusu, kila ufa unakaribia milimita 9, na pipi za vijiti huanza kutoa vichwa. Mpwa wangu aliona hilo ni kasoro nzuri, akaomba nyembamba makusudi.

Boga hili linafaa pia bila pipi. Tangu 2014 kampeni ya boga la buluu-kijani imeenea Marekani kwa ajili ya watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na kadhalika: nyumba yenye boga la rangi hiyo inatoa vitu visivyoliwa. Kata kanda za rangi hiyo, weka humo kifutio na vibandiko, vipimo ni vilevile. Na zile familia ambazo hazitaki mambo ya mizimu kabisa, nazo si chache miongoni mwa Waswahili walioko huko, mara nyingi hukutana na watoto kwenye maegesho ya makanisa, pipi zikitolewa kwenye buti za magari. Boga lisilo na uso hapo linapita bila swali.

Wanaotaka uso, basi, sasa ndipo wakati wake. Kata macho mawili ya pembetatu na mdomo wenye meno mawili matatu, karatasi nyeusi nyepesi, ile ya gramu 80 tuliyoikataa mwanzo. Kila jicho ligundishe kwenye ubavu mmoja tu. Mdomo lazima uvuke mbavu mbili au tatu, kwa hiyo upake gundi kwenye ubavu wa katikati peke yake na uache pembe zake zielee. Ukigundisha pande zote, siku ya kufungua fundo mbavu zitatanuka, na uso utachanika katikati mtoto akiutazama.